Kutangulia si Kufika

Dominika ya Pasaka (Yohane 20:1-9)

Kristo amefufuka, na furaha ya ufufuko wake iwe nanyi nyote, ninyi mliokwisha kurudi kutoka kanisani, ninyi mnaojiandaa kwenda, na ninyi mliolazwa na ugonjwa ambao redio ndiyo jirani anayewatembelea asubuhi hii.

Katika Injili ya leo limo jambo dogo ambalo tunalisikia kila mwaka na kulipita bila kulitazama. Ni habari ya mbio. Maria Magdalena amefika akitweta na kuwaambia mitume kwamba Bwana ameondolewa kaburini. Petro na yule mwanafunzi mwingine wanatoka pamoja wakikimbia. Njiani yule mwingine anampita Petro, anafika wa kwanza, anainama, anaviona vitambaa vya kitani, lakini haingii. Anasimama pale mlangoni. Petro anafika nyuma yake na kuingia, na hapo ndipo yule aliyetangulia anaingia naye, anaona na kuamini.

Kwa nini Mwinjili ajisumbue kutuambia nani alikuwa na mbio zaidi? Asubuhi ile mauti yameshindwa na historia ya ulimwengu inageuka, naye anakumbuka nani alifika kwanza na nani alingoja! Walimu wa Kanisa wameyaeleza maneno haya kwa namna nyingi. Sisi leo tungependa kuyatazama kwa jicho la nyumbani, jicho la familia iliyokaa pamoja jioni.

Siku hizi za Pasaka, huku kwetu Mwandoya, katika wilaya ya Meatu, watoto wengi wako nyumbani. Mvua ikinyesha, hakuna wa kwenda shambani kupalilia. Ndipo michezo inapotoka mafichoni. Wazee huketi kwenye bao, ambalo Wasukuma huliita isolo. Vijana huchora drafti juu ya ubao na kuicheza kwa vizibo vya soda. Watoto wadogo huitandaza ludo sakafuni na kugombania rangi za kete kabla hata dadu haijarushwa.

Tusiidharau michezo hii. Mtu aliyeuficha moyo wake mwaka mzima huweza kuuonyesha wote kwa mchezo mmoja. Tazameni ludo. Ni mchezo wa mbio, wenye asili yake katika mchezo wa kale wa Bara Hindi uitwao pachisi. Kete nne za kila mchezaji huzunguka njia ile ile zikitafuta kurudi kwao. Ukiikanyaga kete ya mwenzako, unaiondoa njiani, naye ataanza upya na kungoja sita. Huyu anacheka, yule ananuna. Mkubwa anamzomea mdogo, na mdogo aliyechoka kuzomewa anaupindua ubao. Mama anawafukuza wote nje. Mchezo ulioanza kuwakutanisha umewatawanya.

Sasa tuwasimulieni mchezo mwingine wa mbio, wa mezani pia na wa familia pia, ingawa umetungwa mbali sana na vumbi letu. Unaitwa Snow Tails. Waliutunga ndugu wawili wa Scotland, Gordon na Fraser Lamont, nao ulitolewa mwaka 2008. Wachezaji hushindana kuvuka nyika ya theluji. Sisi tunaoishi katika nchi ya pamba na mifugo hatuijui theluji ila kwa kusimuliwa juu ya kilele cha Kilimanjaro. Basi fikirini nchi nyeupe pande zote, isiyo na mti wa kivuli wala moshi wa jiko la jirani, ambako vyombo vya safari havina magurudumu, bali huteleza juu ya theluji vikikokotwa na mbwa.

Katika mchezo huo kila mchezaji ana chombo kimoja na mbwa wawili, mmoja kushoto na mmoja kulia, pamoja na breki. Anazo karata zenye namba kuanzia 1 hadi 5, na kwa karata hizo anaamua kila mbwa avute kwa nguvu gani na breki ishike kiasi gani. Nguvu za mbwa wote wawili hujumlishwa, breki ikatolewa, na jibu ndilo mwendo. Lakini sikilizeni sharti lifuatalo. Mbwa mmoja akivuta kwa 5 na mwenzake kwa 2, chombo hakiendi moja kwa moja. Kinavutwa kuelekea upande wa mwenye nguvu, hatua tatu nje ya njia, na huko kunaweza kuwa na mti au ukingo. Anayegonga hupewa karata ya hasara, nayo hukaa mkononi mwake na kuchukua nafasi ya karata njema. Kadiri anavyogonga, ndivyo anavyobaki na machache ya kuchagua.

Mkulima wa Usukuma hahitaji kufundishwa jambo hili. Analijua tangu siku ya kwanza aliposhika plau. Ukimfunga fahali mwenye nguvu pamoja na ndama dhaifu katika nira moja, mstari hauwi mrefu zaidi kwa sababu ya fahali yule. Unapinda. Nira inakwenda upande, ndama anachubuka shingo, na shamba linalimika vibaya. Mkulima mwenye busara huwafundisha ng'ombe wake kwenda hatua moja.

Lipo sharti la pili katika mchezo ule wa theluji, na ndilo lililotufanya tuulete mbele yenu siku ya Pasaka. Mbwa wawili wakivuta kwa nguvu zilizo sawa, mchezaji huruhusiwa kuongeza hatua, na nyongeza hiyo hufuata nafasi yake katika mbio. Aliye wa kwanza huongezewa hatua moja. Aliye wa pili, mbili. Aliye wa nne huongezewa nne. Aliye nyuma hutiwa nguvu zaidi kuliko aliye mbele! Katika ludo mwenzako hurudishwa mwanzo. Katika mchezo huu wa theluji sheria yenyewe inamkumbuka aliyebaki nyuma, isije ikawa mmoja anakimbia peke yake na wengine wamekwisha kukata tamaa.

Mtasema, huo ni mchezo tu. Katika maisha nani amkumbuke wa nyuma? Basi tuache meza, twende kwenye barafu yenyewe.

Mwaka 1911 watu wa mataifa mawili walishindana kufika Ncha ya Kusini ya dunia, mahali ambapo hakuna binadamu aliyekuwa amekanyaga. Roald Amundsen wa Norwe na wenzake wanne, wakiwa na vyombo vilivyokokotwa na mbwa, walifika tarehe 14 Desemba 1911. Robert Scott wa Uingereza na wenzake wanne walifika tarehe 17 Januari 1912, zaidi ya mwezi mmoja baadaye, wakaikuta bendera ya wengine. Katika safari ya kurudi Waingereza wale watano walikufa wote kwa baridi, njaa na uchovu.

Lakini kabla ya kuondoka pale nchani, Amundsen alikuwa amesimamisha hema dogo. Ndani yake aliacha baadhi ya vifaa, na barua aliyomwandikia mfalme wake, Haakon, pamoja na maneno machache ya kumwomba Scott aifikishe barua hiyo. Kwa nini? Kwa sababu aliyetangulia alijua kwamba hajafika bado. Njia ya kurudi ilikuwa ndefu, naye angeweza kufia humo. Na kama angekufa, nani angetoa habari kwamba alifika? Ni yule aliyekuja nyuma yake. Mshindi aliiweka habari ya ushindi wake mikononi mwa aliyeshindwa. Wahenga wetu walilisema zamani: kutangulia si kufika.

Tuwape mfano mwingine, wa karibu nasi zaidi. Philip Boit ni Mkenya wa Bonde la Ufa, aliyekuwa mkimbiaji wa mbio za kati. Mwaka 1996 alipelekwa Finland kujifunza jambo ambalo kwao hakuna anayelifanya: kushindana juu ya theluji kwa mbao ndefu zinazofungwa miguuni. Tarehe 12 Februari 1998, katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, aliingia katika mbio za kilomita 10, Mkenya wa kwanza kushiriki michezo hiyo. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norwe, bingwa aliyesifiwa duniani kote, aliyetumia dakika 27 na ushei. Boit alitumia dakika 47 na ushei. Alikuwa wa 92, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Dæhlie alikuwa amekwisha kushinda. Medali ilikuwa inamngoja. Angeweza kwenda kuvaa nguo kavu, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakwenda. Alisimama kwenye mstari wa mwisho akamngoja Mwafrika yule, na sherehe ya medali ikangoja pamoja naye. Boit alipofika amechoka, bingwa alimkumbatia. Baadaye Boit alipopata mtoto wa kiume alimpa jina la Dæhlie. Yako majina mengi ya mabingwa katika vitabu vya michezo, lakini ni machache yaliyoingia katika nyumba ya mtu aliyeshindwa na kuitwa humo kwa upendo.

Wapendwa wasikilizaji, sasa turudi kaburini tukamtazame tena yule mwanafunzi. Amefika. Mlango u wazi mbele yake. Anachokitafuta kimo ndani, hatua moja tu. Na nani aliye nyuma? Ni Petro, aliyemkana Bwana mara tatu usiku ule wa mateso. Pengine miguu ya Petro ilikuwa mizito kwa umri. Pengine ilikuwa mizito zaidi kwa aibu. Mwanafunzi yule angeweza kusema moyoni: mimi nilisimama chini ya msalaba, yeye alikuwa wapi? Lakini hakuingia kwanza ili ajisifu. Alingoja. Akampa nafasi mtu aliyeanguka, awe wa kwanza kuingia mahali pa ufufuko. Basi Kanisa lilipokuwa bado changa, lisilo na jengo wala kengele, mwenye mbio alisimama akamngoja mwenye miguu mizito.

Labda yupo atakayeuliza: je, tunafundishwa uvivu? Mwenye mbio apunguze mwendo ili afanane na mzembe? Hasha! Mtume Paulo anawahimiza Wakorintho wakimbie kama watu wanaoitaka tuzo. Yule mwanafunzi hakujifanya kilema; alikimbia kwa nguvu zake zote, maana aliyempenda alikuwa kaburini. Dæhlie naye hakulegea njiani. Mungu hatuulizi kwa nini tulikuwa na mbio. Anatuuliza tulifanya nini tulipofika.

Swali hilo linaingia katika nyumba zetu. Miezi michache ijayo pamba itapasuka, mashamba yatakuwa meupe, na mizani itafunguliwa. Baba na mama wamelima pamoja tangu mvua za kwanza. Mama amepanda, amepalilia akiwa na mtoto mgongoni, na atachuma mpaka vidole vichubuke. Halafu siku ya malipo, baba mmoja anapanda pikipiki kwenda mnadani peke yake. Anarudi baada ya siku tatu, mfuko mtupu na maneno makali. Huyo ametangulia, lakini amefika wapi? Amevuta kwa 5 na kumwacha mwenzake avute kwa 2, na nyumba imekwenda kugonga mti. Neno kali alilolisema usiku ule ni ile karata ya hasara: halitoki mkononi upesi, na msimu ujao litachukua nafasi ya neno jema ambalo lingehitajika. Enyi waume wa Kikristo, fedha ya pamba ihesabiwe mezani, mbele ya mke, kabla haijafika mahali pengine popote. Nanyi akina mama, baraza hilo la mezani lisiwe mahali pa kufukua makosa ya mwaka jana.

Linaingia pia katika habari za watoto wetu. Katika nyumba moja mtoto wa kwanza amefaulu, wa pili amefeli. Wa kwanza anatajwa mbele ya wageni. Wa pili anaitwa mchunga ng'ombe, kana kwamba kuchunga ng'ombe ni laana. Mzazi mpendwa, nani alichunga mifugo mwaka mzima ili kaka yake akae darasani? Ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya ada alikuwa akichungwa na mikono ya nani? Aliyefaulu alikimbia kwa miguu yake na ya mdogo wake pia. Basi nawe uliyefaulu, uliye leo mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara huko Bariadi, Mwanza au Dar es Salaam, na unatusikiliza asubuhi hii, jiulize: je, umesimama mlangoni kumngoja mdogo wako, au umeingia na kufunga mlango? Pengine hadai fedha nyingi. Pengine anadai tu usione aibu kumtambulisha kwa rafiki zako kwamba huyu ni ndugu yako.

Nanyi makatekista, watumishi msiochoka wa vigango vyetu, mnalijua jambo hili kuliko wengi. Katika darasa la wakatekumeni wamo vijana wanaoshika sala kwa siku moja, na yumo bibi mzee asiyejua kusoma, ambaye Kanuni ya Imani inamponyoka kila akifika katikati. Msimwache nyuma ili darasa liende upesi. Mketisheni kijana mwepesi karibu na bibi yule, asali naye pole pole, mstari kwa mstari. Kijana atamfundisha bibi maneno, na bibi atamfundisha kijana uvumilivu. Siku ya ubatizo wataingia kisimani pamoja.

Kwa nini tufanye hivyo? Si kwa kuwa ni adabu njema tu, bali kwa kuwa ndivyo tulivyotendewa. Kristo ametutangulia katika mauti na katika uzima. Hakuna aliyekimbia kama yeye, wala hakuna aliyestahili tuzo kama yeye. Lakini hakuufunga mlango nyuma yake. Alikwenda kutuandalia mahali. Akawatafuta wale waliomkimbia, akasimama ufukoni akawawashia moto na kuwaokea samaki, akamwuliza Petro mara tatu kama anampenda, ili apone pale alipoanguka mara tatu. Mshindi wa mauti amesimama kwenye mstari wa mwisho, mikono yake ina alama za misumari, naye anamngoja wa mwisho wetu.

Tunawaachieni kazi ndogo ya kufanya katika Oktava hii ya Pasaka. Jioni moja, baba asitoke. Mama aache vyombo visubiri kidogo. Utandazwe mchezo wowote mlio nao, ludo, bao au drafti, mzazi na mtoto wacheze pamoja. Kila mmoja ajitahidi kwa haki, bila hila. Lakini sheria moja ya nyumba iongezwe: anayemaliza wa kwanza haondoki. Anakaa karibu na aliye wa mwisho, anamsaidia kuhesabu, mpaka kete yake ya mwisho ifike nyumbani. Watoto watakaojifunza hilo juu ya ubao watalikumbuka siku ya kugawana shamba, siku ya kuwauguza wazazi, na siku ambayo mmoja wao atakuwa ameanguka kama Petro.

Tuombe. Ee Bwana mfufuka, uliyetutangulia usituache, wape mbio njema wale uliowajalia nguvu, na moyo wa kungoja wanapofika. Watie nguvu walio nyuma, waliochoka na walioona aibu. Ziunganishe nyumba zetu katika nira moja, zipate kwenda njia iliyonyoka, hata siku ile tutakapoingia sote katika mlango uliouacha wazi. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Tunawatakia Pasaka njema.